Sufuria ya Mkunga

Nianze na sufuria, maana popote alipokwenda watu waliiona sufuria kabla ya kumwona yeye. Ilikuwa ndogo, nje imejaa masizi, ndani inang'aa, imefungwa kwenye kitambaa cha kaki na kuning'inizwa begani. Haikupikiwa ugali wala mboga, na haikuchemshiwa hata chai. Siku moja mke wa mwanawe, bibi harusi wa juzi aliyetoka upande wa Ekerenyo, aliikuta imeinamishwa kwenye uchaga akachemshia mayai mawili. Mkunga aliporudi kutoka shambani hakumpiga wala hakumtukana. Alitoa yale mayai akampa mbwa, akateremka kijitoni, akaisugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka jua likageuka. Yule mke wa mwanawe alitusimulia mwenyewe baadaye, akicheka, kwamba heri angepigwa.

Jina lake lilikuwepo, na wanaolijua bado wapo, lakini sisi tulimwita Mkunga na mimi sitamwita vingine. Ukoo wake pia nauacha. Watu wa kwetu wakianza ukoo hawamalizi, na yeye mwenyewe hakuwa na subira ya mambo hayo. Ukimwuliza ni wa wapi, alikujibu, "Mimi ni wa hapa mtoto analia." Nilimjua tangu nilipojua kitu chochote, kwenye kile kilima chetu kati ya Keumbu na Birongo, na kwa muda mrefu wa miaka hiyo nilimchukia. Mama yangu alikaa miaka kumi na miwili bila kumtamkia neno hata moja. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mwanamume, na alipanda milima yetu kwa gambuti za marehemu mumewe zilizomzidi miguu, kwap kwap kwap, ukamsikia kabla hajakata kona. Alikuwa na lugha mbili. Ekegusii kilikuwa cha kumtuliza mzazi penye uchungu. Kiswahili, alichokiokota kwenye mashamba ya chai ya Kericho mumewe alipokuwa mchumaji, kilikuwa cha vita. Ukimsikia anaanza Kiswahili, ujue kuna mwanamume atakoma siku hiyo.

Alikuwa Msabato wa kubatizwa mtoni, tena mkali, na fundo la kitambaa chake cha kichwa lilificha ugoro. Kanisa zima lilijua, kwa sababu alipiga chafya katikati ya maombi. Sabato moja aliingia ibada imefika nusu, mikono ya gauni imekunjwa na bado imelowa. Mzee wa kanisa akamwuliza mbele ya watu kama hakujua leo ni siku gani.

"Mzee," alisema, "mtoto hana kalenda."

Akaenda kukaa mahali pake, akafungua kitabu cha nyimbo akiwa amekishika juu chini.

Siku ya saba kwake ilikuwa na maana nyingine pia. Akikutana na mwanamke mwenye kichanga hakuuliza ni mume au mke, wala amefanana na nani. Aliuliza, "Amepita ya saba?" Akiambiwa bado, alikunja uso na kupunguza maneno. Akiambiwa amepita, alitoa ugoro wake mchana kweupe. Aliwauliza hata watu wazima kwa mzaha. Naibu chifu alipokuwa akijivuna barazani siku moja kuhusu barabara aliyotuletea, ambayo mvua ilikuwa imeshaichukua, sauti ilitoka nyuma kwa akina mama: "Wewe nilikuona siku ya sita, ukiwa mdogo kama panya, tukasema hii haifiki. Kaa chini upumzike." Baraza likaishia hapo.

Siku zile kila mtu alitaka nyumba ya matofali, na kila aliyefyatua matofali aliacha shimo. Mvua zetu hazichezi, mashimo yakajaa. Mtoto wa miaka minne, wa jirani wa bondeni, alitumbukia humo akifuata vyura. Hata kabla hajazikwa watu walianza kunong'ona kwamba ni mkono wa mtu, na jina la mjane mmoja maskini likaanza kuzunguka. Naibu chifu akaja na daftari lake, akauliza kama yupo anayejua aliyemuua mtoto.

"Shimo," alisema Mkunga.

"Shimo haliui, mama."

"Hii imeua. Na shimo iko na mwenyewe. Andika jina ya mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa kaka mkubwa wa naibu chifu. Daftari likafungwa. Kesho yake asubuhi Mkunga alichukua jembe, akashuka bondeni, akaanza kufukia lile shimo peke yake. Wanawake wawili wakaja kutazama, kisha wakaenda kuchukua majembe yao. Kufikia adhuhuri walikuwa karibu ishirini. Mwenye shimo alifika akipiga kelele kwamba udongo wake wa matofali unaharibiwa. Mkunga alikuwa amesimama katikati, udongo umemfika magotini, gambuti hazionekani. "Unataka kuchimba? Chimba," alimwambia. "Lakini uanze na mimi." Yule bwana aliwatazama wanawake, akayatazama majembe, akarudi nyumbani kwake kunywa uji. Yule mjane hakuguswa.

Ndivyo alivyokuwa. Kifo cha mtoto hakukikubalia maneno matamu. Ukisema "bahati mbaya" atakuuliza bahati hiyo ilikuwa na miguu mingapi. Aliingia nyumba za watu bila hodi akasogeza vyungu vya uji mbali na ukingo wa mafiga, maana alikuwa ameona watoto wengi waliovuta chungu cha moto wakajimwagia. Wenye nyumba walikasirika. Alisema hasira hupona, na ngozi je?

Sasa nije kwetu.

Baada yangu mama alizaa watatu. Wote walizaliwa wazima, wakalia kwa nguvu, wakanyonya. Na wote, ikikaribia siku ya saba, waliacha ziwa. Kinywa kilikaza, mgongo ukapinda, vidole vikajifunga visifunguke, na kelele kidogo tu ya mlango iliwatetemesha mwili mzima. Siku mbili zaidi hawakumaliza. Walizikwa nyuma ya nyumba karibu na migomba, bila majina, kwa kuwa majina yalikuwa bado. Mimi niliambiwa nisilie, kwamba asiye na jina hana msiba. Nililia hivyo hivyo, shambani, mahali ambapo bibi hakunisikia.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na maelezo yake. Tumbo la mama lilikuwa na kitu. Kwanza alisema ni macho ya majirani, halafu akasema ni mama mwenyewe, na neno omorogi, yaani mchawi, likaanza kuzunguka kilimani. Kwetu hilo si neno la kutaniana nalo. Watu wamechomewa nyumba kwa ajili yake. Baba hakusema ndiyo wala hapana, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lingeniuma zaidi.

Jumapili moja wazee wa ukoo waliketi uani kwetu kuamua mama arudishwe kwao, na mimi nibaki kwa bibi. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa nyuma ya ghala la wimbi, yaani ulezi, mama na mimi, mkono wake juu ya kichwa changu, tukisikia kila neno. Walikuwa wamefika kwenye suala la nani atamsindikiza tuliposikia kwap kwap kwap.

Wiki ile ile muuguzi wa hospitali moja ya misheni alikuwa amewaita wakunga wa vijiji kuwafundisha. Aliwaonyesha jinsi ya kukata kitovu, akawaeleza ugonjwa wa pepopunda unavyoingia kwa kitu kichafu. Mkunga aliuliza swali moja tu: watoto hao hufa siku ya ngapi? Muuguzi akajibu kwamba ni karibu na ya saba. Wenzake walitusimulia kwamba chakula kililetwa naye hakukigusa. Aliinuka akarudi kwa miguu njia yote, hakuzungumza na mtu kwa siku tatu, na siku ya nne akaja kwetu.

Hakupiga hodi. Aliingia katikati ya wanaume, mahali pasipoingiwa na mwanamke, akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu ajue ni vita.

"Huyu mama msimfukuze. Hao watoto tatu niliua mimi."

Kisha mzee mmoja akasema kwa upole, "Mong'ina, keti. Uchungu umekuvuruga." Mong'ina ni namna yetu ya kumwita mama mzee kwa heshima.

"Sijavurugwa. Nilikata kitovu na tete ya kuvunja kwa paa. Nikapaka mavi ya ng'ombe na masizi, vile mama yangu alinifundisha, na yeye alifundishwa na mama yake. Hiyo mavi ndio ilikuwa na ugonjwa. Si jicho ya mtu. Si dawa ya kuzikwa kwa mlango. Ni hii mikono." Akaiinua. "Na si hapa peke yake. Wewe, wako mmoja, wakati wa kuvuna wimbi. Wewe, wawili, na ule wa mwisho ulisema ni jirani, ukamhamisha na shamba yake. Wewe mzee, wa mtoto wako wa kiume, wa kwanza. Huyo pia ni mimi."

Aliwazunguka wote. Hakuna aliyekuwa ameketi pale ambaye hakuwa na kaburi dogo nyuma ya nyumba, na yeye aliyakumbuka yote.

Bibi alipiga kelele, "Kumbe mchawi ni wewe!"

"Mchawi anajificha," Mkunga akamjibu. "Mimi nimekuja mchana."

Mtu akarusha kigoda. Kilimpiga begani, akayumba. Kisha akainama, akakiokota, akakiweka chini mbele yao wote, akakikalia.

Kikao kilivunjika chenyewe. Huwezi kumrudisha mwanamke kwao kwa dhambi ambayo mwingine amekuja kuidai. Uani palipobaki watu wachache, mama alitoka nyuma ya ghala akaenda akasimama mbele yake. Mimi nilifikiri atampiga, au atamkumbatia, na moyoni nilitaka ampige. Hakufanya hivyo wala hivyo. Aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, mikono tu, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakusema naye. Walipokutana kijitoni mama alijitwika mtungi wake akaondoka. Njiani alimpita kama unavyopita kisiki. Mkunga naye alisogea kando kumpisha, yeye ambaye hakumpisha hata naibu chifu. Na mimi nilibaki na mambo mawili kifuani ambayo hayakukubali kukaa pamoja: mwanamke huyu alikuwa ameniachia mama yangu, na mwanamke huyu alikuwa amewaua ndugu zangu.

Alilipa. Migomba yake ilikatwa yote, siku moja ya soko, mchana. Mwaka mzima hakuna aliyemwita. Wazee wa kanisa walimwendea wakamwambia yamepita, Mungu amesamehe, sasa anyamaze, anawatia watu uchungu upya. Aliwaambia, "Mimi sikuomba kusamehewa. Niliomba wembe." Alisimama sokoni Keumbu mahali pa wauza viazi, mikono juu, akawaambia wanawake wote: tete, mavi, masizi, mikono hii. Wengine walimtemea mate. Wengine walisimama kusikiliza, kisha wakaenda dukani kununua wembe. "Mficha uchi hazai," aliwaambia, "na mkunga akificha makosa yake, nyinyi ndio mtazika."

Mwaka wa pili mama alishika mimba tena. Siku ya uchungu mvua ilikuwa imekata njia, hakuna gari wala machela ambayo ingefika hospitali. Mama alikuwa ameshika nguzo ya nyumba, jasho linamtiririka. Akaniambia, "Mwite yule."

Alikuja na sufuria na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Mama alilala ameelekeza uso mekoni ili ayaone maji. Yalipochemka aliniambia mimi, "Mwambie achemshe tena." Mkunga alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Akasema, "Nimesikia," akachemsha tena. Yalipochemka mara ya pili mama akasema, "Mwambie tena." Maji yalichemka mara tatu, na mdogo wangu akazaliwa mchana wa saa nane, akakatwa kitovu kwa wembe wa moto, akafungwa kwa uzi uliochemshwa, na juu yake hakikupakwa kitu.

Siku saba zilizofuata Mkunga alikuja kila asubuhi, akaketi uani kwetu, nje, juu ya kile kigoda, mpaka jua lilipoanza kushuka. Hakuingia ndani. Alisikiliza mtoto akinyonya. Kila mlio ulipokatika aliinua kichwa.

Bibi naye alidai la kwake. Mtoto anayefuata waliokufa ni lazima alazwe njiani, mtu mwingine amwokote, ili kifo kifikiri huyu si wa nyumba ile. Nilidhani Mkunga atapasuka kwa hasira. Aliguna, akachukua ufagio, akafagia ile njia kutoka kona hadi kona, akatandika kitambaa alichokuwa amekichemsha na kukianika mwenyewe. "Haya, laza," alimwambia bibi. Mama mmoja muuza vyungu akapita, akamwinua, akasema ameokota mtoto, na mdogo wangu akaitwa Nyanchera, yaani wa njiani. Bibi alikufa akiamini ni njia iliyomwokoa. Mkunga hakubishana naye. Yeye alimwita mdogo wangu Maji Moto, na mpaka leo akiitwa hivyo huitika.

Wala msidhani alikuwa amemaliza imani zote. Radi zetu zikianza kupiga, huyo mwanamke aliyewakabili wanaume kwa jembe alifunika kioo, akafunika sufuria, akakaa katikati ya nyumba amejikunja. Ukimcheka alikuambia, "Radi haijanieleza bado ni nini."

Nilipoolewa Ekerenyo na kushika mimba ya kwanza, alinitumia salamu: nisimwite, niende hospitali, mikono yake imeanza kutetemeka. Nilikwenda. Mwanangu alipofika wiki ya tano nilimleta nyumbani mama amwone. Mama alimbeba siku nzima. Kesho yake asubuhi alitoka uani akamkamata kuku wake mwekundu, mtagaji kuliko wote, akamfunga miguu. Kwetu mkunga hupewa kuku mtoto akishasimama vizuri, na kwa Nyanchera kuku huyo hakutolewa kamwe.

"Mpelekee yule," alisema. Akakaza fundo la kamba lililokuwa limekwisha kukazwa. "Mwambie yameisha."

Sikutembea, nilikimbia, mtoto mgongoni na kuku mkononi.

Nilimkuta kizingitini akichambua maharagwe kwa kupapasa. Ukungu ulikuwa umefunika macho yote mawili. Gambuti zilikuwa zimesimama kando ya mlango, zimekauka. Alinitambua kwa sauti.

"Amepita ya saba?"

"Amepita, mong'ina. Wiki ya tano."

"Mlete."

Kwanza alitaka maji ya moto. Nilimmiminia kutoka kwenye ile sufuria, akanawa mpaka viwikoni kama mtu anayeingia kazini. Kisha akafunua nguo ya mwanangu, akatafuta kitovu kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kikavu, kimeingia ndani vizuri. Kidole kilikizunguka polepole, kikakizunguka tena. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilifikiri anaomba, mpaka niliposikia kwamba anahesabu.

Nikamwekea kuku mapajani, nikamwambia alichosema mama.

Alimpapasa kuku manyoya, akapima uzito wake. Uso wake ulilegea nikamwona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kama bibi kizee yeyote. Kisha akamsukuma kuku kwangu.

"Rudisha."

"Mong'ina—"

"Mwambie mama yako asinisamehe. Wasichana wanaoolewa hapa, wakimwona mama yako ananipita bila salamu, wanauliza kwa nini. Wakiuliza, wanaambiwa. Wakiambiwa, wanachemsha wembe. Akinisalimu leo, nani atauliza kesho?"

Nilikasirika. Nilimwambia mama amebeba jambo hili miaka kumi na miwili, amechoka.

"Na mimi nimechoka," alisema. "Lakini wale tatu hawajaniambia imeisha. Chukua kuku. Na funika mtoto, kuna upepo."

Nilirudi na kuku. Mama alikuwa anaanika maua ya pareto kwenye mkeka, na hakuinua uso mpaka nilipomaliza kumweleza neno kwa neno. Alisikiliza yote. Kisha akamchukua kuku, akamfungua miguu, akamwachilia, akarudi kwenye pareto yake akaendelea kuitandaza kwa viganja. Nilidhani basi, ndiyo imekwisha hivyo.

"Kesho mkamate tena umpelekee," alisema mama. "Akimrudisha, keshokutwa nitampeleka mwenyewe. Nitamsalimu kwa jina lake, sokoni, mchana, na kila msichana atakayeniuliza kwa nini, nitamwambia mimi."